Nilisema Warudi, Nikaandika Waondoke

Ninyi mliopeleka majina kwa chifu juzi mkitaka kuwa askari wa akiba, hebu tulieni kidogo niwaambie. Najua mnaiwazia sare. Sare yenyewe ni koti, na koti hilo litakuwa limeshavaliwa na mtu mwenye mabega mapana kuliko yenu. Buti mtajinunulia. Mimi nilipewa koti la mtu aliyekuwa ameaga dunia, na mfukoni nikakuta majani makavu ya muguka wa kutafuna na kifungo kimoja. Majani nikayatupa, kifungo nikakishona mahali pake, nikavaa. Nililivaa miaka kumi na saba.

Naitwa Njeru. Kwetu ni Karurumo, upande wa Embu, lakini nilioa huku Meru nikajenga Nchiru, karibu na chuo kimoja cha ualimu. Hapa Nchiru majirani huniita Mwembu. Nikienda Karurumo kwa mazishi, huko nako huniita Mmeru. Nje ya kazi, mtu pekee aliyekuwa akiniita kwa jina ni mke wangu, Mama Wawira, na yeye amepumzika miaka mitano sasa. Binti yetu Wawira anafanya kazi mbali, hupiga simu Jumapili baada ya kanisa. Kwa hiyo mkiona naongea sana, mjue ni maneno ya wiki nzima yamejikusanya.

Tuanze na hilo neno akiba. Mama zenu wana akiba ya maharagwe kwenye gunia nyuma ya mlango. Hayapikwi kila siku, hukumbukwa mvua ikikataa. Sisi tulikuwa hivyo. Siku za kawaida nilikuwa nikilima, nikilisha ng'ombe wangu wawili, na kupangisha vyumba sita kwa wanafunzi. Lakini uchaguzi ukichafuka, ama wezi wa mifugo wakishuka, ama vijana wakifunga barabara, simu inalia: Njeru, kuja mbio. Ukimaliza unarudisha bunduki kituoni, unaenda kukata nyasi ya ng'ombe.

Na msidhani tulikuwa tukiitwa kwa ushujaa wetu. Polisi wa kituo huhamishwa kila wakati. Hajui kijana aliyeshika jiwe ni mtoto wa nani. Sisi tunajua. Ukiweza kusimama mbele ya watu waliokasirika na kusema, "Mutwiri, mama yako anajua uko hapa?" lile jiwe linashuka lenyewe. Nimeliona likishuka mara nyingi. Wengine hata huanza kujitetea, "Nilikuwa napita tu, Mzee," na jiwe bado liko mkononi.

Aliyenifunza kazi hii ni Sajini Mwiti, mstaafu wa jeshi, mtu mfupi mwenye sauti ya chini hata ilibidi umkaribie ndipo umsikie. Alitufundisha kwenye uwanja wa shule ya msingi wakati wa likizo, tukiwa wakulima kumi na wawili tumeshika fimbo badala ya bunduki. Alituambia tuangalie miguu ya watu, tuachane na nyuso. Aliyevaa slipa atakimbia mapema. Aliyekaza kamba za viatu amekuja na mpango. Na mama aliyevua viatu akavishika mkononi, alisema, huyo msimguse, mwombeni radhi hata kama hamjamkosea. Tulicheka, lakini baadaye nilikutana na mama kama huyo pale sokoni na nikaomba radhi haraka sana.

Pia alitufunza kula kabla ya kwenda, kwa sababu mwenye njaa hukasirika upesi na mwenye bunduki hana ruhusa ya kukasirika. Alitufunza kuacha njia. Kabla hujawaambia watu watawanyike, angalia kama nyuma yao kuna pahali pa kupitia, la sivyo unawabana tu. Na alitufunza kwamba ukiongea na watu wengi, utaje mahali. Usiwaambie "songeni." Wasonge wapi? Waambie, "Nendeni kwa posho mili," pale panaposagwa unga, ama, "Ingieni kanisani." Tulifanya mazoezi ya jambo hilo siku nzima. Mimi nilimwamuru mwenzangu Gitonga, "Pita huku!" Gitonga, ambaye ni mtu wa kutii kupita kiasi, akapita huku kweli, akatumbukia kwenye mtaro hadi magotini. Sajini hakucheka. Alisema, "Njeru, wewe ulikuwa unajua huku ni wapi. Yeye hakujua." Kisha akanifanya nirudie zoezi hilo mpaka jua likawa juu ya vichwa vyetu.

Ngoja niwaambie ya Mitunguu ndipo muone mtu anayejua kazi. Wauza ndizi walikuwa wamekasirika kwa sababu barabara ya kuingia sokoni ilikuwa imeharibika na malori yamekataa kuja. Walifanya nini? Walibeba mikungu yao ya ndizi wakaipanga juu ya lami kutoka upande huu hadi ule, wakakaa juu ya mawe wakisubiri serikali. Tulipelekwa wanane na Sajini. Mimi nilikuwa mpya, mikono inaniwasha. Nikauliza, "Tuanze kuondoa?" Sajini akaangalia jua, akaangalia lami, akaniambia niketi. Akawasalimia wale wakina mama, "Muga," wakaitikia kwa shingo upande. Akaomba maji, akapewa. Akawauliza habari za mvua. Mitunguu, mnajua lile joto. Kufika saa sita lami ilikuwa inachoma, na ndizi za chini zikaanza kubadilika rangi. Mama mmoja akainuka kimya kimya akabeba mkungu wake akaupeleka kivulini. Wa pili akamfuata. Saa saba barabara ilikuwa wazi, na Sajini hajatoa amri hata moja. Kisha akaenda yeye mwenyewe hadi ofisini akawasemea kuhusu ile barabara, na ilitengenezwa. Sajini Mwiti alifariki kabla mambo hayajabadilika. Hadi leo nikiwa na jambo zito najikuta namtafuta.

Mambo yalibadilika hivi. Zamani fujo ilikuwa na mwenyewe. Ulijua ni soko, ama ni shamba la fulani, na ulimjua mzee wa kwenda kuzungumza naye. Siku hizi vijana wanakubaliana kwenye simu, na wanaokuja kuwazuia wanatoka mbali na magari na moshi wa kutoa machozi, na sisi wa akiba tunaitwa katikati, tusimame pale kama kiraka. Wale wa upande huu wanatuona ni wanakijiji, wale wa upande ule wanatuona ni serikali. Mtajionea.

Sasa nifike kwa Kendi. Kendi alikuwa mpangaji wangu, mwaka wa pili chuoni, mtoto wa Mitunguu. Nilikuwa na wapangaji sita, wasichana wote, kwa sababu Mama Wawira alisema wavulana watamtoa roho kwa muziki. Alipofariki, wasichana hao ndio walionishika mkono. Kendi hasa. Alikuwa akibisha mlango akisema, "Guka, umekula?" yaani babu, na nikisema nimekula alikuwa anafungua sufuria kuhakikisha. Alinifunza kutuma picha kwa simu. Nami nilikuwa na tabia moja. Asubuhi wakiwa wametoka kwenda darasani na nimeona wingu linakuja, ama chai imeiva na hawajanywa, nilikuwa nasimama langoni nawaita, "Rudini! Rudini mchukue mwavuli!" Ama, "Rudini, chai iko!" Nao walikuwa wanarudi mbio wakicheka. Nyumba ilikuwa nyumba siku hizo.

Kisha mwanafunzi mmoja akagongwa na lori mbele ya lango la chuo. Walikuwa wameomba matuta yawekwe pale tangu zamani. Kesho yake asubuhi wakafunga barabara kwa mawe na matawi, na walikuwa na haki ya kukasirika, mimi nasema hivyo na nilikuwa upande wa pili. Polisi walikuja na mkubwa ambaye hakuwa wa hapa. Sisi wa akiba tulikuwa sita. Yule mkubwa akauliza, "Nani anajuana na hawa?" Wote wakaninyooshea mimi kidole. Kanisani mimi ndiye hutangaza siku ya harambee, sauti yangu inajulikana hadi ng'ambo ya mto. Akanikabidhi kipaza sauti.

Nilianza vizuri, wacha nijisifu kidogo. Niliwapa pole kwa mwenzao. Niliwataja wachache kwa majina. Wengine wakaketi. Niliangalia miguu, na miguu ilikuwa imetulia. Nikaona wasichana wameanza kuondoka kupitia ule ujia wa nyuma ya posho mili unaotokea kwangu, na katikati yao nikaona sweta nyekundu ya Kendi. Moyo wangu ukashuka mahali pake. Nikasema, huyu amefika nyumbani.

Ndipo jiwe likavunja kioo cha gari la polisi. Sijui nani alirusha. Mkubwa akanigeukia akapiga kelele, "Waambie warudi! Waambie warudi sasa hivi!"

Nikainua kipaza sauti nikasema, "Rudini! Watoto wangu, rudini! Rudini!"

Nilimaanisha warudi nyuma. Warudi chuoni. Waliokuwa mbele yangu walielewa hivyo, kwa sababu walikuwa wananiona na wanaona zile bunduki za moshi zinainuliwa. Wakaanza kukimbilia lango. Lakini wale wa ujiani hawakuwa wanaona kitu. Walikuwa wanasikia tu, na walichosikia ni mimi, mwenye nyumba, nawaita kwa sauti ile ile ya mwavuli na chai. Wakatokea. Walikuwa watano, Kendi mbele, wanatembea haraka kuja barabarani, na macho yao yalikuwa kwangu. Kendi alinipungia mkono, anaonyesha kwamba amesikia, anakuja.

Moshi ulirushwa wakati huo huo. Mkebe mmoja ulidunda kwenye lami ukampiga chini ya goti, na mfupa ukavunjika.

Nilitupa kipaza sauti nikamfikia kabla ya mtu mwingine yeyote. Alikuwa anakohoa, amenishika koti. Aliniuliza, "Guka, ulikuwa unatuitia nini?" Gari lilikuja likambeba, nami nikabaki pale barabarani macho yakinitoka maji, na kwa mara ya kwanza nilifurahi kwamba kuna moshi.

Jioni tuliitwa kituoni kuandika taarifa, kila mtu ya kwake. Niliandika, "Niliwaambia warudi." Mkubwa akasoma, akakuna kidevu. Akasema, "Mzee, hapa andika uliwaambia waondoke. Warudi, waondoke, si ni kitu moja? Si ndio ulikuwa unamaanisha?" Nikafikiri. Ndiyo, ndicho nilichokuwa nikimaanisha. Mkono wangu ukakata lile neno, ukaandika lingine juu yake. Nisikilizeni vizuri hapa, kwa sababu bunduki nimebeba miaka kumi na saba na sijawahi kumuumiza mtu nayo. Kalamu niliishika mara moja tu.

Chuo kiliunda kamati. Walioadhibiwa ni wale waliopatikana barabarani baada ya kuambiwa waondoke. Kendi alifika na magongo, mama yake pembeni. Akawaambia, "Sikuwa nimeenda kupigana. Nilikuwa nishaenda. Niliitwa." Wakamuuliza aliitwa na nani. Akasema, "Na Guka. Landilodi wangu." Wakasoma karatasi yangu. Ilisema Njeru aliwaambia waondoke. Kamati ikaona binti anasema uongo, tena anamsingizia mzee. Wakamfukuza mwaka mzima. Haya yote niliyasikia baadaye, kwa sababu siku hiyo mimi nilikuwa shambani napalilia mahali ambapo tayari nilikuwa nimepalilia.

Wasichana wangu walihama wiki hiyo hiyo. Hawakunitukana. Walibeba magodoro wakapita mbele ya mlango wangu wakiniambia kwaheri kwa heshima, na ingekuwa afadhali wangenitukana. Chumba cha Kendi kilibaki na vitu vyake, nikakifunga. Wengine wakija kutafuta nyumba walikuwa wanaambiwa ni ya nani, wanaenda zao. Wanafunzi walinipa jina. Nikipita vibandani nasikia wakinong'ona, "Rudini huyo, Rudini anapita." Nilikuwa napika chai nyingi kwa mazoea halafu namwagia migomba. Nilikuwa mpweke, vijana, na sioni haya kulisema. Wakati Mama Wawira alipofariki nilikuwa na huzuni, lakini watu walikuwa wanakuja kuketi nami. Upweke huu wa pili hakuna aliyekuja kuketi nao, na nilijua ni kwa nini.

Mtaniuliza, kwa nini hukuenda kusema ukweli siku ile ile? Niliogopa. Niliogopa koti langu kuchukuliwa. Mtu akikaa mahali miaka thelathini akiitwa mgeni, anapenda sana kitu kinachomfanya awe mtu wa hapo, na kwangu kilikuwa hilo koti. Kila siku nilisema kesho. Ukafika karibu mwaka.

Kisha asubuhi moja Kendi akanipigia. Sauti yake ilikuwa imekuwa ya mtu mzima. "Guka, naomba unitumie vitu zangu na gari ya Mitunguu. Godoro na lile sanduku."

"Si mwaka wako unakaribia kuisha? Hutarudi?"

Akasema, "Nilirudi mara moja, Guka. Imetosha."

Nikamuuliza mama yake hajambo. Akaniambia mama yake hasemi naye ila kwa mambo ya shamba. Ile karatasi yangu ilikuwa imesomwa mbele yake, na yeye ni mtu wa kuamini karatasi yenye mhuri. Kwa mwaka mzima alikuwa anaamini kwamba mtoto wake alikwenda kupigana, akavunjika, akadanganya. Kendi aliniambia hayo bila kunilaumu, kama anayenisomea habari za hali ya hewa. Nilikata simu nikaketi kitandani mwa mke wangu nikalia hadi kuku wakaja mlangoni kuangalia.

Siku hiyo hiyo nilikwenda kituoni na koti mkononi. Nikasema nataka kuandika taarifa yangu upya. Aliyekuwa zamu akaniambia faili ilifungwa kitambo. Nikamwambia aifungue. Gitonga alikuwepo, yule yule wa mtaro. Akanivuta nje. "Njeru, unataka kutuuza? Sisi wote tuliandika waondoke juu yako." Nikamwambia, "Gitonga, mimi ndiye nilishika kipaza sauti." Akaingia ndani, na tangu siku hiyo tukikutana kanisani anabadilisha kiti. Niliandika nilivyosema siku ile, neno kwa neno, nikaeleza na mambo ya mwavuli na chai. Waliichukua ile karatasi, wakachukua na koti. Ndiyo maana nawaambia nimestaafu. Hilo ndilo neno la heshima.

Nakala nyingine nilipeleka chuoni. Walinizungusha wiki mbili, kila siku niko kwenye benchi lao na kofia magotini, mpaka karani akawa ananiletea chai kwa kunihurumia. Mwishowe kamati iliketi tena. Wakanipa barua nimpelekee: Kendi anaweza kuendelea na masomo muhula unaofuata, iwapo mzazi atatia sahihi kwamba anamkubalia. Bila sahihi ya mzazi, nafasi inapewa mtu mwingine.

Nikapakia godoro na sanduku kwenye pikapu ya jirani, nikashuka Mitunguu na barua mfukoni.

Nilimkuta Kendi mbele ya nyumba anapanga mikungu. Anachechemea kidogo, lakini amesimama. Aliona godoro, akaona uso wangu, akaniletea kiti. Nikamweleza yote, hata lile neno nililolikata. Alisoma ile barua mara mbili, kisha akaniambia, "Usiniambie mimi, Guka. Mimi nilikuwepo. Ambia Mami."

Mama yake alikuwa shambani. Ilikuwa zamu yake ya maji, na Mitunguu zamu ya maji haingoji mgeni. Alikuwa na wanawake wawili wanaomsaidia, wako katikati ya migomba wanahamisha mipira ya kumwagilia. Alinisalimia kwa adabu. Nilipoanza kueleza, alinikatiza.

"Mzee, mimi sina ubaya na wewe. Wewe uliambia hao watoto waende. Nilisikia kwa masikio yangu ikisomwa. Huyu ndio hakusikia."

"Sikuwaambia waende, Mama Kendi. Niliandika hivyo, lakini niliwaambia warudi."

"Si ni hiyo tu? Warudi, waende. Ukiambiwa urudi si unaenda kwenu? Mtoto ya shule ya ualimu hawezi kosa kuelewa hiyo." Akanyanyua jembe. "Unamtetea kwa sababu umemhurumia. Asante. Lakini mimi siweki sahihi kwa uongo. Maji yangu inaisha saa sita."

Akatugeuzia mgongo akaenda, na wale wanawake wakamfuata na mipira yao begani. Kendi alikuwa amesimama ameshika ile barua. Nikajua kwamba nimechelewa, kwamba ile karatasi yangu ya kwanza imeshamshinda mama huyu na hakuna ya pili itakayoiondoa, na mtoto huyu atahamisha mipira hapa hadi azeeke kwa ajili yangu. Nilitaka kuketi chini pale kwenye tope.

Walikuwa wamefika mbali, mistari minne mitano ya migomba, ndipo Kendi aliponishika mkono.

"Guka, ita."

"Nimwite nani?"

"Usimwite kwa jina. Ita vile ulituita."

Niliona haya. Sikuwa nimelitamka neno lile kwa sauti tangu siku ile. Lakini aliendelea kunishika mkono, na nikajaza kifua hewa, nikaita kwa sauti yangu yote ya harambee.

"Rudini! Rudini jameni! Rudini!"

Wote watatu walisimama. Mama Kendi akageuka kwanza. Akatupa jembe akaja mbio, gauni amelikunja kwa mkono, na wale wengine nyuma yake, mmoja bado na mpira begani unamwaga maji njia nzima. Alifika mbele yangu anahema, macho yanatafuta nyoka ama mtu aliyeanguka.

"Ni nini? Kumetokea nini? Unatuitia nini?"

Kendi alimtazama mama yake. Akamuuliza polepole, "Mami, Guka amesema nini?"

"Si amesema turudi..."

Alitazama alikotoka, kule jembe lilikolala, akatazama miguu yake mwenyewe iliyojaa tope ikiwa imesimama hapa mbele yangu. Akamtazama binti yake, mguu ule, muda mrefu sana. Kisha akaanza kusema kwa Kimeru mambo ambayo hayakuwa yangu kusikia, akimvuta Kendi kifuani, wote wawili wanalia, na wale wanawake wakaangalia pembeni. Baadaye akafuta mkono kwenye gauni, akaunyoosha bila kunitazama, akasema, "Lete kalamu."

Nilimpa yangu. Akaweka sahihi juu ya goti lake, barua ikapata alama ya kidole cha tope pembeni. Sikudai kalamu. Niliwaambia kwaheri, na nadhani hawakusikia, walikuwa wameshikana. Jirani alikuwa ameshaondoka na pikapu yake, kwa hiyo nilipita katikati ya migomba kuelekea barabarani kwa miguu. Nilitembea polepole makusudi, nasimama kila baada ya hatua chache kama mtu anayefunga kamba za viatu, nilipofika lami nikangoja tena. Hakuna aliyeniita.